Neno la Siri Lisilohifadhiwa: Kanuni, Kumbukumbu na Tahajia katika Lugha za Mto Tana

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi aliyeko Garsen leo ana maneno ya siri mengi kuliko funguo za milango ya nyumba yake. Ana namba ya siri ya kutumia fedha kwa simu, huduma iliyoanza nchini Kenya mwezi wa Machi 2007 kwa jina la M-Pesa. Ana neno la siri la kuangalia hati ya mshahara, la kulipia kodi, la benki, la barua, na la ofisi mbalimbali ambazo siku hizi hupokea maombi kwa njia ya intaneti. Kila ofisi humwonya mambo mawili: neno hilo asiliandike popote, na neno la mahali pamoja asilitumie mahali pengine. Maonyo haya ni ya haki, kila moja peke yake. Yakiunganishwa, yanamtaka binadamu wa kawaida akumbuke maneno kumi na tano au ishirini yasiyo na maana wala mfanano, na baadhi yake ayatumie mara moja tu kwa mwaka. Jambo hilo haliwezekani, na kwa kuwa haliwezekani halifanywi.

Linalofanywa lajulikana. Wengine hutumia neno moja kila mahali, na aghalabu neno hilo ni jina la mtoto likifuatwa na mwaka wake wa kuzaliwa. Wengine huandika katika daftari. Daftari lina ubaya wake popote, lakini katika delta ya Tana lina ubaya wa ziada. Mto huu, ulio mrefu kuliko yote ya Kenya, ulifurika kwa kishindo mwaka 1997 hadi 1998, ukafurika tena 2018, na tena kuanzia mwisho wa 2023 hadi 2024. Kila mara watu wa vijiji vya karibu na Garsen walihama na kile walichoweza kubeba. Mwandishi wa makala haya amewahi kuanika juani kurasa za daftari lake lililolowa, akakuta namba zilizokuwa zimeandikwa kwa wino zimegeuka madoa ya buluu. Simu nayo huzama, huibwa, huvunjika.

Makala haya yanakusudia kueleza njia nyingine, ambayo neno la siri halihifadhiwi mahali popote bali huzalishwa upya kila linapohitajika, kwa kanuni isiyobadilika na kwa ufunguo mmoja ulio kichwani. Neno la namna hii halina budi kuwa na sifa mbili ambazo huvutana: wengine wasiweze kulikisia, na mwenyewe asiweze kulikosea. Wataalamu wa kompyuta wameishughulikia sana sifa ya kwanza. Sifa ya pili ni suala la tahajia, la lahaja na la kumbukumbu, yaani ni suala letu sisi wanaisimu, nasi tumeliachia wengine.

Kuhusu istilahi: tunatumia hapa "neno la siri", kwa kuwa laeleweka kote. Istilahi "nywila" imependekezwa na imekwisha kuingia katika programu kadhaa zilizotafsiriwa, ila haijashika ndimi za watu. Wengi husema "namba ya siri" hata panapotakiwa herufi.

Kinyume na upungufu wake

Wazo la kuzalisha maneno kwa kanuni si geni kwa Waswahili. Watoto wa pwani wamekuwa wakizungumza kwa kinyume tangu zamani, na Edward Steere, aliyekuja baadaye kuwa askofu wa Unguja, alitoa mifano yake katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilichotoka mara ya kwanza 1870. Kanuni yenyewe ni fupi: silabi ya mwisho hutangulizwa mbele. Nyumba huwa mbanyu, kitabu huwa bukita, chakula huwa lachaku, na Kipini, mji ulio kwenye mdomo wa mto, huwa nikipi. Mzungumzaji hakuhifadhi neno "lachaku" mahali popote. Amehifadhi kanuni moja tu, na kwa hiyo kanuni huyazalisha maneno yote ya lugha, hata yale asiyowahi kuyatamka.

Uzuri huo ndio unaotakiwa. Lakini kinyume kina upungufu ambao kila mtoto mdogo wa nyumba ameugundua kwa masikio yake: asikiaye maneno matatu manne huitambua kanuni, na akiitambua amepata kila kitu. Siri yote imo katika kanuni. Haina kitu kingine cha kuitegemeza.

Mtu anayetunga maneno yake ya siri kwa kuambatanisha neno moja na jina la ofisi, tuseme tanabenki, tanakodi, tanabarua, hajazidi hatua hiyo ya kinyume. Moja likivuja mengine yamevuja. Na maneno huvuja: mwaka 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou iliibiwa maneno ya siri zaidi ya milioni 32 ya wateja wake, yaliyokuwa yamewekwa waziwazi bila kufichwa, na lililopendwa kuliko yote lilikuwa 123456. Wajuzi wa mambo haya bado huyatumia maneno hayo, na mengine yaliyoibwa baadaye, kujifunza jinsi binadamu anavyofikiri anapodhani kwamba hakuna anayemwona.

Kasoro hii ilitajwa zamani na mtu wa taaluma yetu. Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyekuwa akifundisha Kijerumani mjini Paris, aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo wa usiri usitegemee kufichwa kwa kanuni yake. Kanuni ianguke mikononi mwa adui bila madhara, mradi ufunguo usalie. (Kerckhoffs huyu ndiye aliyepoteza miaka yake mingine akiieneza Volapük, lugha ya kubuni ambayo haikudumu. Shauri lake la 1883 limedumu.) Tangu hapo kanuni na ufunguo hutazamwa kuwa vitu viwili. Kinyume ni kanuni bila ufunguo.

Kusaga

Inatakiwa, basi, kanuni ambayo hata ikijulikana na watu wote, na hata tokeo lake moja likijulikana, haimrudishi mtu kwenye ufunguo. Kanuni za aina hiyo zipo, na mfano wake ni kusaga. Mahindi huwa unga. Unga haurudi kuwa mahindi, wala hauonyeshi punje zilikuwa ngapi. Mojawapo ya kanuni hizi, iliyotangazwa Marekani mwaka 2001 na iitwayo SHA-256, hupokea maandishi ya urefu wowote na kutoa tarakimu na herufi 64. Maandishi yaleyale hutoa tokeo lilelile, leo na miaka ishirini ijayo, Garsen na London. Herufi moja ikibadilika, tokeo lote hubadilika kiasi cha kutotambulikana.

Njia yenyewe, hivyo, ni kama ifuatavyo. Mtu ana ufunguo mmoja kichwani. Anapotaka kuingia benki, huuambatanisha ufunguo na neno "benki", akausaga mchanganyiko huo kwa programu, akachukua herufi kumi na tano au ishirini za kwanza za tokeo. Hilo ndilo neno lake la siri la benki. Kwa kodi huambatanisha "kodi". Akimaliza, programu haikubaki na kitu. Simu ikizama mtoni, atanunua nyingine, atatia programu ileile, na maneno yote yatazaliwa tena. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa programu ya namna hii mwaka 2005, na nyingine zimefuata.

Lakini adui naye ana kinu. Akiliiba neno moja la siri, anaweza kuchukua kila neno la kamusi, aliambatanishe na "benki", alisage, alinganishe. Mashine za leo husaga kwa SHA-256 mabilioni ya maneno kwa sekunde moja. Ndiyo sababu Robert Morris na Ken Thompson, waliokuwa maabara ya Bell, walieleza mwaka 1979 jinsi walivyoifanya kanuni yao iende polepole kwa makusudi. Waliofuata wameongeza uzito wa jiwe: scrypt ya mwaka 2009 hudai kumbukumbu nyingi ya mashine na si mwendo peke yake, na Argon2 ilishinda shindano la kanuni hizi mwaka 2015. Mwenye ufunguo husubiri sekunde moja na haoni taabu; adui anayetaka kujaribu mara bilioni husubiri mara bilioni. Pamoja na hayo, hakuna jiwe zito kiasi cha kuuokoa ufunguo ambao ni neno la kawaida. Kwa hiyo hoja yote inarudi kwenye ufunguo, na ufunguo ni lugha.

Lugha ya wachache si maficho

Wazo linalomjia haraka mtu wa mto ni kutumia lugha ya kwao. Garsen ni mahali pa lugha nyingi: Kipokomo cha wakulima wa kingoni, Kiorma cha wafugaji, Kiswahili cha sokoni na shuleni, Kiamu kikija kwa njia ya Lamu. Mpokomo hudhani, na si bila sababu, kwamba mwizi aliye ng'ambo hajui Kipokomo. Lakini mwizi hahitaji kujua lugha; anahitaji orodha ya maneno tu, na orodha hutolewa kwa mashine kutoka katika maandishi yoyote yaliyochapwa, zikiwamo tafsiri za vitabu vya dini na makusanyo yetu sisi wanaisimu. Maneno 10,000 ya lugha ndogo yana uwezekano 10,000, sawasawa na yale ya lugha kubwa. Tena mwizi mwingi wa fedha za simu si mgeni. Ni mtu wa karibu, na lugha anaijua.

Historia ina ushahidi. Katika Vita Kuu ya Pili majeshi ya Marekani yaliwatumia wasemaji wa Kinavajo kupeleka habari vitani dhidi ya Wajapani. Inasimuliwa mara nyingi kana kwamba lugha yenyewe ndiyo iliyowashinda adui. Sivyo. Juu ya lugha hiyo wasemaji walijenga msamiati wa siri uliokubaliwa baina yao, na Mnavajo mmoja asiyefundishwa msamiati huo, aliyekuwa mateka wa Wajapani, alisikilizishwa maneno hayo akashindwa kuyafumbua, ingawa lugha ilikuwa ya mama yake.

Wazo la pili ni kutumia methali, aya, au mshororo wa shairi. Hili ni baya zaidi, maana sifa ya methali ni kujulikana na wote. Wimbo wa taifa la Kenya unafundisha jambo hili vizuri. Sauti yake ilitokana na wimbo wa kubembeleza watoto wa Wapokomo, ikapewa maneno mapya mwaka 1963. Kabla ya hapo aliyeijua sauti ile alikuwa mtu wa mto. Leo anayechagua mstari wa kwanza wa wimbo huo kuwa ufunguo wake amechagua kitu kinachoimbwa na kila mtoto wa shule.

Claude Shannon, aliyeweka msingi wa hesabu za habari, alionyesha mwaka 1951 kwamba msomaji wa Kiingereza akipewa mwanzo wa sentensi huweza kukisia mara nyingi herufi ifuatayo. Tusidhani Kiswahili kimesalimika. Baada ya konsonanti, msomaji wa Kiswahili hujua karibu daima kwamba inakuja irabu, na irabu ni tano tu. Baada ya kiambishi wa- cha mwanzo wa sentensi, anajua mengi kuhusu viambishi vyote vitakavyofuata. Upatanisho wa ngeli, ambao ni fahari ya sarufi yetu, kwa macho ya mwizi ni mkono unaomwongoza. Sentensi ndefu yenye sarufi sahihi ina siri ndogo kuliko urefu wake.

Silabi mia moja

Ufunguo wa haki hauchaguliwi na akili ya mtu. Huchaguliwa kwa kura. Hapa muundo wa silabi za Kiswahili unatufaa, kwani tunaweza kuunda silabi mia moja kamili kwa konsonanti ishirini na irabu tano. Chukua vipande ishirini vya karatasi na uandike: b, ch, d, f, g, h, j, k, l, m, n, ny, p, r, s, sh, t, v, w, z. Vitie katika kibuyu. Katika kibuyu cha pili tia irabu tano. Chomoa konsonanti moja na irabu moja, andika silabi, rudisha vipande vyote viwili, tikisa, chomoa tena. Kurudisha na kutikisa si adabu tu. Bila hivyo silabi zilizokwisha kutoka hazitoki tena, na hesabu hupungua. Jambo gumu zaidi ni kukubali kilichotoka. Mtu akichomoa silabi mbaya akaamua kurudia mpaka apate "nzuri", ameingiza tena akili yake mahali palipotakiwa bahati.

Silabi nane zilizopatikana hivyo zina uwezekano 100 mara 100, mara nane, yaani 1 ikifuatwa na sufuri 16. Adui anayesaga maneno bilioni moja kwa sekunde angezimaliza zote kwa siku 116 hivi. Adui huyo huyo akikuta jiwe zito, aweze kusaga 1,000 tu kwa sekunde, angehitaji miaka zaidi ya 300,000. Ukiongeza silabi mbili, hata yule mwenye mwendo wa bilioni angehitaji miaka zaidi ya 3,000. Kwa kulinganisha, Arnold Reinhold alitoa mwaka 1995 njia ya kurusha dadu na kuchagua maneno katika orodha ya maneno 7,776; maneno matano ya orodha hiyo yana nguvu ya chini kidogo kuliko silabi zetu kumi.

Sasa swali la kumbukumbu. Silabi kumi zisizo na maana zitakaaje kichwani? Washairi wetu walikwisha kulijibu kwa sehemu. Mtu aliyehifadhi utenzi wa beti mia kadhaa hakuzihifadhi kwa maana peke yake. Mizani humwambia kwamba kuna silabi iliyoanguka, na kina humwambia kwamba aliyoishika siyo. Umbo la ubeti ni mlinzi wa makosa. Tunapendekeza, basi, kwamba ufunguo uwekwe katika vipande viwili vya mizani sita, na silabi ya mwisho ya kipande cha pili ifanywe sawa na ile ya kipande cha kwanza. Kwa mfano: zogashipetuna, rumenyohijana. (Mfano huu umekwisha kuchapwa, kwa hiyo haufai tena kwa mtu yeyote.) Bei ya kina hicho ni silabi moja tu kati ya kumi na mbili, kwani ya mwisho imefungwa, zilizobaki kumi na moja ni huru, nazo ni nyingi za kutosha. Ni mara chache katika hesabu hizi kumbukumbu kununuliwa kwa bei nafuu namna hiyo.

Vipande viandikwe kwa muda katika karatasi, visomwe kwa sauti ya chini asubuhi na jioni kwa wiki moja au mbili, kisha karatasi ichomwe.

Tahajia

Msomaji atakuwa amegundua kwamba baadhi ya sauti zimeachwa nje ya kibuyu. Dh, th na gh zimeachwa kwa kuwa wasemaji wengi hubadilishana dh na z, th na s, gh na g, na mtu huyohuyo huweza kuandika hivi leo na vile mwakani. Y imeachwa ili ny isisomeke kwa njia mbili. Ambaye ndimi yake hubadilisha l na r aitoe moja, aiweke y, na badala ya ny atie konsonanti nyingine asiyoitilia shaka. Ng' imeachwa kwa sababu ya ajabu zaidi: alama ile ndogo huandikwa na baadhi ya simu ikiwa imenyooka na nyingine ikiwa imepinda. Jicho la binadamu halioni tofauti. Kinu huona herufi mbili tofauti kabisa, na hutoa unga tofauti kabisa.

Kosa la namna hii halisameheki. Mwalimu akisahihisha insha husoma "nti" akajua mwanafunzi wa Kiamu alikusudia "nchi", akasoma "ndoo" akaelewa "njoo", "mato" akaelewa "macho", "kuya" akaelewa "kuja". Kinu hakielewi kitu. Kwa wasemaji wa Kiorma hatari ni kubwa zaidi. Katika lugha za Kioromo urefu wa irabu na kukazwa kwa konsonanti hubadilisha maana: badaa si baddaa, la kwanza ni ubaya na la pili ni nchi ya juu. Lakini aliyesomea tahajia ya Kiswahili hazoei kuandika urefu huo, na ataandika mara hivi mara vile. Wazee wa Kipini walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walijua taabu inayofanana na hii, kwani maandishi yale, yasipoongezewa alama, hayatofautishi u na o, wala i na e. Msomaji hutumia maana kujaza kilichokosekana. Ufunguo hauna maana ya kujazia.

Tahajia sanifu iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Nchi za Afrika Mashariki tangu 1930 imelaumiwa mara nyingi, na pengine kwa haki, kwa kuwapunja wasemaji wa lahaja. Katika jambo hili moja inatufaa. Siri haipati nguvu kwa kuandikwa kilahaja, bali uwezo wa kuirudia hupata nguvu kwa kuandikwa kisanifu. Herufi zote ziwe ndogo, pasiwe na nafasi wala kituo, na simu izuiwe isiikuze herufi ya kwanza kwa hiari yake, kama zinavyopenda kufanya. Majina ya ofisi nayo yapangiwe kanuni: aliyeanza kwa "benki" asije siku nyingine akaandika jina kamili la benki yake.

Matatizo yaliyosalia

Njia hii si dawa ya kila kitu. Baadhi ya ofisi hudai neno liwe na herufi kubwa, tarakimu na alama, ingawa taasisi ya viwango ya Marekani ilishauri mwaka 2017 kwamba masharti hayo yaachwe. Hapo mtu huongeza mkia uleule mwishoni mwa kila tokeo. Ofisi ikiibiwa na kumtaka abadilishe neno, hana budi kusaga "benki2" badala ya "benki", na ile mbili yenyewe lazima ikumbukwe au iandikwe. Kuiandika hakudhuru, kwani mbili si siri. Ila tukubali kwamba tumeanza tena kuhifadhi.

Tatizo la kinu chenyewe ni zito zaidi. Asiye na simu yake, akaazima ya jirani, humpa jirani ufunguo wa maneno yote. Manuel Blum, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, aliyepata Tuzo ya Turing mwaka 1995, alipendekeza mwaka 2014 kwamba hesabu ifanywe kichwani. Mtu hupewa kwa kura tarakimu ya kila herufi ya alfabeti, na mzunguko mmoja wa tarakimu kumi zilizochanganywa. Tuseme kwamba G ni 3, A ni 7, R ni 0, S ni 4, E ni 9, N ni 2, na mzunguko ni 0 3 8 1 6 9 4 7 2 5, kisha unarudi 0. Kwa neno GARSEN, jumlisha herufi ya kwanza na ya mwisho: 3 na 2 ni 5; katika mzunguko inayofuata 5 ni 0. Andika 0. Jumlisha 0 hiyo na A: 7, inayofuatwa na 2. Jumlisha 2 na R: 2, inayofuatwa na 5. 5 na S ni 9, inayofuatwa na 4. 4 na E ni 13. Acha kumi, 3 hufuatwa na 8. 8 na N ni 10, yaani 0, inayofuatwa na 3. Tokeo ni 025483. Tarakimu sita ni chache, na majina marefu yafaa zaidi. Tena kila tokeo linalovuja humpunguzia adui kazi, jambo ambalo si hivyo kwa kusaga. Lakini hakuna mashine, wala jirani. Walimu wawili niliowafundisha njia hii waliizoea kwa siku nne, mmoja wao akilalamika kwamba herufi M na N zilimchanganya mpaka mwisho.

Namba ya siri ya fedha za simu iko mbali na haya yote. Ina tarakimu nne, yaani uwezekano 10,000 tu, na nguvu yake hutoka kwa mfumo unaofunga baada ya makosa machache. Hapo lililo muhimu ni kutochagua mwaka wa kuzaliwa, maana miaka ya kuzaliwa ya watu wazima walio hai haifiki hata mia.

Na kuna suala la ufunguo kuwa mmoja. Liongo Fumo, ambaye mapokeo yanamweka Ozi na Kipini, hakudhurika kwa silaha yoyote, kwa mujibu wa hadithi aliyoichapa Steere 1870, ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Ilikuwa siri moja, bora kuliko ngome, naye aliitamka mwenyewe kwa mwanawe aliyemwuliza kwa upole. Wapigao simu siku hizi wakijidai watu wa ofisi nao huuliza kwa upole. Anayeogopa udhaifu huu, na mwenye simu yake mwenyewe na nakala mahali pengine palipo salama na maji, yafaa atumie programu inayohifadhi maneno yake kwa kuyafungia. Kwa maoni yetu hiyo ni njia bora kwake, hata kama makala haya yanahusu nyingine. Aidha, mwenye ufunguo wa kichwani akifariki, warithi wake hawatakuta kitu cha kufungua, na hawana budi kupita njia ndefu ya mahakama na vyeti.

Kazi iliyobaki kwa idara zetu ni kutayarisha orodha ya maneno ya Kiswahili ya kurushiwa dadu, kwa wale ambao silabi tupu zinawashinda. Dadu nne huhitaji maneno 1,296, na maneno saba ya orodha hiyo yangetosha. Kuyapata maneno 1,296 ya Kiswahili si kazi. Ugumu ni kuyachuja. Isiwemo jozi ya umoja na wingi, kama mtu na watu, kwa kuwa kumbukumbu huzibadilisha. Yasiwemo maneno yenye tahajia mbili, kama namba na nambari, wala visawe vya karibu kama njia na barabara. Vitenzi viwekwe kama shina au kwa ku-, si kwa namna zote mbili. Na kila neno lijaribiwe kwa wasemaji wa Garsen, Lamu, Mombasa na Unguja, waliandike kwa kusikia, bila kuonyeshwa. Lile ambalo wote hawataliandika sawa liondolewe.